Dishi la Shaba la Kikula

Nyumbani kwa Julie, mtaa wa Kikula mjini Likasi, redio iliwashwa kila siku saa kumi na mbili jioni, bukari, yaani ugali, ikiwa bado ya moto kwenye sahani. Philippe, mume wake, ndiye aliyeishika. Majirani wawili watatu waliingia bila hata kubisha hodi, kwa sababu betri za redio zao zilikwisha zamani. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 1995. Karakana alikofanya kazi Philippe ilikuwa imefungwa, mshahara ulikuwa jambo la kusimuliana tu, na kila mtu alitaka kusikia nchi inaelekea wapi.

Redio ilipoanza kusema, Joëlle aliinuka, akatoka nje.

Joëlle alikuwa mtoto wa pekee wa nyumba hiyo, mwenye miaka kumi na mmoja. Alipokuwa na miaka sita aliugua homa kali ya uti wa mgongo. Yeye alipona, masikio hayakupona. Tangu siku hiyo, watu wakicheka, hakujua wanacheka nini. Wakinyamaza kwa hofu, hakujua wanaogopa nini. Zamani alikuwa akimtazama mama yake usoni amweleze, na Julie alijaribu kwa vidole. Kwa vidole Julie aliweza kusema kula, kulala, maji, njoo. Lakini uchaguzi utauonyeshaje kwa vidole? Vita utavionyeshaje bila kumtisha mtoto? Mara nyingi alimpungia tu mkono, kama kumwambia si kitu. Mwishowe Joëlle aliacha kuuliza. Alikaa nje peke yake karibu na mbabula, akichokoachokoa makaa kwa kijiti mpaka watu waondoke.

Njaa ilimuuma Julie kama ilivyowauma wote mjini, lakini jambo hilo la Joëlle lilimuuma zaidi.

"Baba Joëlle," alimwambia mumewe siku moja, "mutoto haina masikio, lakini iko na macho. Tumutafutie kintu ya kuona."

Televisheni walikuwa nayo, waliinunua miaka ile ya mshahara mzuri. Sasa ilikaa pembeni imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Mtambo uliokuwa mlimani, uliokuwa ukiwaletea picha, ulikuwa umekufa. Ukiwasha, unaona chembechembe nyeupe tu. Lakini watu walisema kuna dishi, parabole, linaloshusha picha kutoka mbinguni, tena nyingine za bure kabisa.

Julie alitoa cherehani yake. Ilikwenda kwa kaka yake Alphonse, aliyekuwa akiishi Kitwe ng'ambo ya mpaka, na Alphonse akarudisha vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa démodulateur, sanduku linalokaa karibu na televisheni na kugeuza mawimbi kuwa picha. Cha pili kilikuwa kichwa, chombo kidogo kama ngumi kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi hayo. Dishi lenyewe halikuja. Lilikuwa kubwa mno kwa safari.

"Parabole, muniachie minye," alisema Philippe.

Nani angembishia? Philippe alikuwa fundi wa kukunja na kufua mabati kwa miaka ishirini na miwili. Matangi aliyoyaunda yalibeba asidi bila kuvuja tone. Sasa, kazi ilipokwisha, aliwatengenezea kina mama mbabula na mabeseni, na beseni la Philippe lilijulikana sokoni hata bila jina. Alikuwa na bati moja la shaba, pana kama mlango, alilopewa karakana ilipofungwa. Hakutaka kuliuza hata siku walizolala bila kula. Sasa alilitoa.

"Cuivre inapitishaka courant kupita byuma byote," alimweleza mkewe. "Kama courant inaipenda, image nayo itaipenda."

Maneno hayo ya shaba, umeme na picha yalimwingia Julie vizuri sana. Mtu wa Likasi, mji wa migodi ya shaba, ukimwambia shaba inaweza, atakuuliza nini?

Alifua siku tisa. Barabara nzima ilijua saa ngapi Philippe anaanza na saa ngapi anapumzika. Alilipima kwa jicho, likaja mviringo safi, bila kunyanzi, beseni kubwa kuliko yote aliyowahi kufua. Kisha akalisugua kwa mchanga na ndimu mpaka likawaka. Julie aliinama kulitazama. Aliuona uso wake mwenyewe, mkubwa sana. Akarudi nyuma hatua mbili, uso ukapinduka kichwa chini. Alimwita Joëlle naye aone, na mtoto alisimama pale muda mrefu akigeuza kichwa huku na huku, akijitafuta.

Philippe alilielekeza dishi Lubumbashi kwanza, kwa kuwa zamani picha zilitoka huko. Chembechembe nyeupe. Akaligeuza Kinshasa. Chembechembe nyeupe.

"Satellite iko mu mbingu," alisema akijifuta jasho. "Mbingu iko yulu. Basi, itaangalia yulu."

Akalilaza dishi chali, likatazama juu kabisa, kichwa kikiwa katikati yake. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Mwezi wa kumi kule Likasi, saa sita jua halina upande, linasimama juu ya utosi wa mtu. Wakaingia ndani kula.

Joëlle ndiye aliyeona. Aliingia mbio, akamvuta mama yake kwa kitenge. Nje, moshi mweupe ulikuwa ukipanda kutoka katikati ya dishi. Kichwa kilikuwa kimelainika upande mmoja na kuning'inia, na plastiki yake ilidondoka kwenye shaba tone kwa tone. Hakuna aliyewasha moto. Philippe alinyoosha mkono akitoe, akaurudisha haraka na kupuliza vidole.

"Baba Joëlle," Julie alisema polepole, "mashini yangu ya kushona iko wapi? Iko mu ile moshi."

Hakumsemesha tena mumewe siku hiyo, wala kesho yake.

Siku ya tatu Philippe alirudi kutoka sokoni na shauri jipya. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Lubumbashi alikuwa na dishi dogo, jeupe, lililofungwa vizuri katika boksi. Angelichukua lile la shaba na kumpa hilo pamoja na sanduku lake.

"Ni kadogo tu, lakini inatoaka chaînes makumi ine," alisema Philippe, maana yake vituo arobaini. "Aliniwashia. Nimeona na macho yangu."

Ilikuwa zamu ya Julie kuogopa. Safari hii hakutaka kusikia maneno matamu peke yake. Alijifunga kitenge akaenda kwa Mama Dominique.

Dominique alikuwa jirani, mwenye phonie karibu na soko. Phonie ni ile redio ya kuitana mbali. Simu zilipokufa, watu walikwenda kwake kuzungumza na ndugu zao Kolwezi, Kamina au Lubumbashi. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi na mitano kwenye kituo cha simu za satelaiti. Mjini Likasi huenda hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kugusa dishi kubwa kama nyumba.

Alikuja saa tano na nusu, na mfuko wake wa vyombo. Alilizunguka dishi la Philippe mara mbili, akalipapasa.

"Papa Philippe, hii mikono yako ni ya kuogopa," alisema. "Mungu anisamehe, minye sijaona kazi safi ginsi hii. Ni bibaya tu vile inakamata moto."

"Nani alitia moto?" aliuliza Philippe. Kwa siku tatu swali hilo lilikuwa limemkosesha usingizi.

"Muniletee karatasi."

Julie alileta ukurasa wa daftari la zamani. Dominique aliukunja, akauchomeka kwenye ncha ya kijiti, akausogeza polepole mbele ya shaba akitafuta mahali. Mwanga mweupe ulikusanyika kwenye karatasi, ukawa mdogo, ukawa mkali hata hautazamiki. Karatasi ikawa kahawia, ikatoa moshi, kisha ikashika moto pale hewani, mbali na kitu chochote. Joëlle alijishika mdomo kwa mikono miwili. Julie alitazama juu, akajikinga macho. Jua hilo hilo alilianikia nguo kila siku, wala hakujua lina kitu hicho ndani yake.

"Munaona?" alisema Dominique. "Parabole haina kazi ingine. Inakusanya. Kila kintu inapiga mule ndani, inarudishwa pahali pamoja, pale kichwa inaikala. Image inakuya na mawimbi, macho haiyaone. Parabole inayakusanya. Weye uliisugua ikakuwa kioo, basi ilikusanya na jua. Njo ilipika kichwa."

Philippe alikaa chini juu ya tofali.

"Kumbe ni minye nilisugua," alisema.

"Mawimbi haitafute kungaa. Unapaka rangi ile haiangae, jua inapotea, mawimbi inabakia. Tena haitafute cuivre. Bati, aluminium, chuma, yote inarudisha. Cuivre, uza, ule."

"Na hii kadogo ya ku soko?" aliuliza Julie. Hilo ndilo lililomleta.

"Mulimuuliza juu ya carte?"

Philippe na Julie walitazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza juu ya kadi yoyote.

"Ile kadogo inakamataka chaînes za kulipia. Kila mwezi unalipa, banafungua. Usipolipa, banafunga, na weye unabakia na sahani ya kukaushia samaki. Ile image ya bure, ile inatafutwa hapa, inafika na nguvu kidogo sana. Mama Joëlle, mvua ikinyesha kidogo, unatiaka nje kikombe ao bassin?"

"Bassin," alisema Julie.

"Njo vile. Kwa ile ya bure, parabole ikuwe metre tatu, ukingo mpaka ukingo. Kabla ya kuchagua, uliza kwanza: ninataka kuona nini, ni ya bure ao ya kulipia, na inatokea upande gani. Halafu njo unatafuta parabole. Weye ulianza na parabole."

Philippe alipima kwa macho. Metre tatu za bati, upepo wa mvua ungeliondoa pamoja na ukuta.

"Tia grillage," alisema Dominique, akionyesha wavu wa chuma uliokuwa dirishani. "Tundu yake ikuwe ndogo kupita mbegu ya muhindi. Upepo unapita, mawimbi hayapite."

"Tundu iko, na mawimbi hayapite?"

"Hayapite. Ni mawimbi makubwa kupita tundu. Kwake, ile grillage ni ukuta."

Philippe alicheka peke yake kwa mshangao, akanyoosha mkono akagusa wavu wa dirisha, akaupuliza, na pumzi ikapita. Miaka ishirini na miwili ya chuma, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Bado lilibaki umbo. Dominique alimweleza kwamba mviringo wa beseni haukusanyi vizuri, unatawanya. Alichora mchangani, akampa hesabu. Ukipima nusu metre kutoka katikati, dishi lipande sentimita tano. Metre moja, sentimita ishirini na moja. Metre moja na nusu, pale ukingoni, sentimita arobaini na saba. Kichwa kikae mbele, metre moja na sentimita ishirini kutoka katikati. Philippe aliziandika zote kwa chaki ukutani, akazirudia kwa sauti kama mtoto wa shule.

Ile shaba ilimtoka kwa shida. Aliikata mwenyewe, akageuka pembeni msumeno ulipoanza kulia, na Julie alimhurumia, akasahau hasira yake. Yakatoka mabeseni manne mazuri. Mabeseni mawili yalileta kichwa kingine, mawili yakaleta wavu na rangi. Philippe alikata ubao kufuata zile hesabu, akautumia kupima kila ufito wa chuma wa kubebea wavu. Fito zilikuwa kumi na sita. Ule usiokubaliana na ubao aliurudisha kwenye nyundo. Safari hii hakupima kwa jicho hata mara moja.

Siku ya kusimamisha, Dominique alikuja na dira, uzi wenye jiwe, na kipimapembe cha shule.

"Satellite haiko yulu yetu," alieleza. "Iko imesimama yulu ya équateur, ule mustari wa katikati ya dunia, upande wa magharibi. Siye tuko kusini. Basi tunaangalia magharibi, na tunapinda kidogo kaskazini."

"Imesimama yulu ya nini?" aliuliza Julie. "Haianguke?"

"Inakimbia. Dunia inazunguka, nayo inazunguka, bote pamoja. Njo maana tunaiona pahali pamoja tu. Mbali yake, ni ginsi ungeenda Lubumbashi mara mia tatu."

Julie alitazama magharibi, juu ya mapaa ya Kikula. Safari moja ya Lubumbashi, kwa lori na barabara ilivyokuwa, ilimchosha siku mbili. Mia tatu. Na huko kitu kilikuwa kikikimbia pamoja nao ili wasiachane. Aliogopa, akafurahi, na hakujua kipi kilikuwa kingi zaidi.

Mahali pa kwanza palikuwa na paa la jikoni mbele yake, dishi lisingeona. Wakalihamishia nyuma ya nyumba, wakamwaga zege kushika nguzo, wakangoja siku nne likauke. Kisha Philippe akaligeuza polepole, upana wa kidole, anangoja, upana wa kidole tena, na Julie akasimama dirishani akitazama televisheni.

"Chembechembe," alisema Julie. "Chembechembe. Chembechembe. Ngoja. Rudisha kidogo. Ngoja, Baba Joëlle, usipumue."

Picha ilikuja. Kwanza mistari, kisha rangi, kisha ikasimama, safi, bila chembe. Mtu alikuwa akionyesha hali ya hewa, na nyuma yake palikuwa na Afrika nzima, imepigwa picha kutoka juu, mawingu yakitembea juu yake. Chumba kilijaa majirani. Philippe alisimama mlangoni na koleo mkononi, machozi yakimtoka wala hayafuti. Joëlle alikaa mbele kabisa. Jioni ile, na zilizofuata, hakutoka nje.

Wiki ya tatu, Jumamosi alasiri, Julie alikuwa akichambua majani ya sombe uani aliposikia sauti ndani. Ilikuwa sauti ya ajabu, nzito, ya mtu aliyesahau kusema. Alikimbia.

Joëlle alikuwa amesimama mbele ya televisheni. Mwanamume mmoja alikuwa akisoma habari, na pembeni, ndani ya duara dogo, palikuwa na mwanamke aliyeongea kwa mikono. Mikono yake ilikwenda haraka, ikafunguka, ikagusa kidevu, ikakata hewa, na uso wake uliongea pamoja nayo. Hakuwa akisema kula wala kulala. Alikuwa akisema habari zote, uchaguzi, vita, mvua, kila kitu ambacho Julie hakuwa na ishara yake.

Joëlle aligeuka. Aligusa masikio yake, akamwonyesha yule mwanamke, akamtazama mama yake. Lilikuwa swali, la kwanza baada ya miaka. Julie alilielewa lote. Mtoto wake alikuwa amedhani kwamba duniani yuko peke yake.

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, hakuweza kuacha. Ndiyo. Wako wengine. Joëlle akacheka kwa sauti yake ile ngeni, akainua mikono, akaanza kuifuata mikono ya yule mwanamke, akichelewa, akikosea, akiendelea.

Jumatatu asubuhi na mapema mama na mtoto walikuwa kwa Dominique. Julie alieleza aliyoyaona. Dominique hakupoteza muda. Aliita Kolwezi, aliita Kamina, aliita Lubumbashi, swali lile lile: nani anajua mahali wanapofundisha watoto kwa mikono? Kwenye phonie anasema mmoja, mwingine anangoja, na ukimaliza unamwachia mwenzako kwa kusema à vous. Walingoja mpaka jua likawa kali.

Lubumbashi ikajibu. Ilikuwa sauti ya mtawa wa kike, mbali, ikizama na kupanda.

"Niko Sœur Marceline. Tuko na batoto kumi na mbili hapa, tunabafundisha na mikono. Mutoto iko na miaka ngapi? Mumulete. Ata mama na baba banaweza kuya kujifunza. À vous."

Dominique alimpa Julie kipaza sauti, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Julie alibonyeza. Joëlle alikuwa akimtazama usoni, bila kubandua macho.

"Tunakuya," Julie alisema. "Siye bote tatu. Tunakuya."

Akakirudisha kipaza sauti, akamkumbatia mtoto wake. Alikuwa amesahau kusema à vous, na kule Lubumbashi waliendelea kungoja mpaka Dominique akasema kwa niaba yake.